Uwanda wa Mama

Kazi yangu ni kukipaka kisiwa rangi. Ndivyo ninavyowaambia watoto wa jirani zangu mtaani Mpendae wakiniuliza. Wakubwa nawaambia natengeneza ramani za miti na ardhi, nao wakishakunja uso narudi kule kule kwenye rangi. Picha za kisiwa zinapigwa na setilaiti kutoka juu, sisi tunakaa ofisini Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba yenye kuta nene ambamo simu haishiki mpaka usogee dirishani, na tunaiambia kompyuta: hapa msitu, hapa mikoko, hapa minazi, hapa makonde, hapa nyumba za watu. Kila aina na rangi yake.

Kompyuta yenyewe haijui kitu mpaka uifundishe. Unaionyesha mahali unapopajua wewe, unaiambia "hii ndiyo mikoko", kisha inakizunguka kisiwa kizima kutafuta pengine panapofanana na hapo. Ukiifundisha vizuri, inakupa kisiwa. Ukiifundisha ovyo, inakupa fedheha. Nawaelezeni haya mapema maana aibu yangu imo humo humo ndani ya kazi, si ya mapenzi wala ya wizi, na mtu akiisikia juu juu ataniambia, "Ah, bibie, ndo hilo tu?" Ndo hilo tu. Nakula nalo, nalala nalo.

Mie ni mtu wa kusini. Ofisini nikiulizwa kwetu wapi, nilikuwa nikijibu Jang'ombe, na wala si uongo mtupu, kwani nimelelewa Jang'ombe kwa shangazi yangu tangu nilipoletwa mjini kusoma. Lakini siku ya kwanza katika skuli ya mjini nilipofungua mdomo kujibu swali, nikajibu kwa Kimakunduchi chetu kama nilivyokuwa nikimjibu mama, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akajifanya anakohoa. Basi nikaufunga mdomo. Nilipoufungua tena ulikuwa mdomo wa mjini: nnakwenda, nshakula, na kha na ghaini zangu zimekaa mahali pake kuliko hata za wenyewe. Shangazi alikuwa akinitania, "Lo! Mwana wa Shangani huyu, tumpe kiti!" Nilicheka naye, lakini sikurudi nyuma. Nikienda kusini sikukuu nilizungumza na mama kwa Kiswahili cha mjini, yeye akinijibu kwa chetu, tukaelewana hivyo hivyo, kila mtu na upande wake wa mlango.

Sasa hili neno uwanda. Kwetu kusini ardhi nyingi ni jiwe. Unafyeka kichaka, unapanda muhogo, kunde, choroko, tungule, katika vishimo vya udongo vilivyo baina ya mawe. Ukishavuna misimu michache udongo unachoka, basi unaiacha ardhi ilale. Kichaka kinarudi, majani yanaanguka yanaoza, udongo unajirundika tena polepole, na miaka ikipita nawe unarudi na panga lako. Ardhi ya namna hiyo, pamoja na mawe yake na miba yake na mwenyewe anayeisubiri, tunaiita uwanda. Mjini uwanda ni jambo jengine. Mjini uwanda ni mahali peupe, palipo wazi, unapoweza kumwona mbuzi wa mtu kutoka mbali.

Mama ana uwanda wake. Kaupata kwa mama yake, na umezungushwa ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila ya saruji, wa kuzuia nguruwe. Kipindi cha mambo haya alikuwa ameulaza, yeye anaishi kwa mwani. "Mwani wa kula leo," husema, "uwanda wa kula kesho." Karatasi ya uwanda huo hana. Ana ukuta, na ana majirani wanaojua ukuta ni wa nani. Na mambo ya siku hizi mnayajua: kwetu pwani ya kusini ardhi ikishasemwa haina mtu, haikai sana bila ya mtu. Watakuja wa hoteli, watakuja wa nyumba za kukodisha, na mwenye ukuta wa mawe atabaki anasimulia.

Mkubwa wangu wa kazi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, katika zile familia zenye asili ya Uarabuni ambazo zamani zilikuwa na mashamba ya mikarafuu na sasa zina hadithi za mashamba ya mikarafuu. Mwenyewe ndiye anayesema hivyo, anacheka. Mtu mwema, msafi, na Kiswahili anakipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Neno la kigeni likiingia kwenye ramani yetu halimpiti kooni. Basi siku moja tulikwama kwenye aina moja ya ardhi. Kwenye picha ilikuwa kijani kilichochanganyika na kijivu, kusini yote na sehemu kubwa ya mashariki. "Hii tuiiteje?" akauliza. "Msitu si msitu, kichaka si kichaka, konde si konde."

Likanitoka tu. "Uwanda," nikasema.

Akapiga meza. "Ahsante, bibie! Hicho ndo Kiswahili! Uwanda!" Akaliandika mwenyewe ubaoni, kwa khati nzuri.

Wallahi nilifurahi. Neno la kwetu, lililochekwa pamoja na mengine yote, leo limo ubaoni Mji Mkongwe kwa khati nzuri. Haikunipitikia kumuuliza yeye kalisikia vipi, wala yeye hakuniuliza mie nimelisema vipi. Tukakubaliana watu wawili kwa neno moja, kila mmoja na lake kichwani.

Ikabidi kompyuta ifundishwe uwanda ni nini, na kazi hiyo ikaniangukia mie. Nilikwenda moja kwa moja kwenye uwanda wa mama. Nikauzungushia mstari ukuta kwa ukuta, mpaka pale kwenye kona palipobomoka mbuzi wakawa wanaingia. Nikaiambia mashine: hii ndiyo. Ikazunguka kisiwa ikitafuta kila mahali panapofanana na kwa mama, ikapata kusini, ikapata mashariki, ikaniletea. Nilikaa nikiitazama nikijiona mjanja. Nimemwingiza mama ofisini kwa mlango wa nyuma na hakuna mtu aliyemwona.

Ramani ya kwanza ilichapishwa jioni, kesho yake tukiwa na mkutano wa kuwaonyesha wananchi wa kusini waihakiki. Rangi alichagua mkubwa. Uwanda kaupaka rangi ya biskuti, ile ile tunayopaka machimbo ya mchanga. Na chini, pale penye maelezo ya rangi, kaandika: "Uwanda: eneo la wazi lenye mawe, halina matumizi." Kwa mkono wangu nimeuchora uwanda wa mama, na kutoka hapo kusini nzima imetangazwa tupu. Ramani hiyo ikishapita inakwenda kwa wapangaji ardhi, na wao hawaendi kutazama kuta za mawe. Wao wanatazama rangi.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Kusema kulikuwa rahisi: "Si hivyo, uwanda una wenyewe." Yeye angeuliza, "Umejuaje?" Na jibu lilikuwa maneno mawili tu: kwa mama. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Naam, bibie?" akasema.

Nikamuuliza gari ya kesho inaondoka saa ngapi.

Usiku nikajituliza kwa maneno. Mikutano, nikajiambia, ndo imewekwa kwa hilo khasa. Watasema wenyewe. Wakisema wao ina uzito zaidi. Toba! Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno ya kisomi.

Asubuhi tukaondoka. Kwenye msitu wa Jozani gari ikasimama kidogo, kima punju walikuwa wanavuka njia, wenzangu wakatoa simu wapige picha. Na mie nikatoa yangu nikapiga, nikasema "jamani wazuri!", mie ambaye utoto wangu nimewatupia mawe kima kwenye mihogo ya mama.

Mkutano ulikuwa skulini, na darasa lenyewe ndimo nilimosomea mimi kabla ya kupelekwa mjini. Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye madawati ya mbele, wengine wametoka moja kwa moja kwenye mwani, kanga zao zimeroa pindoni, na nyayo zina tope la pwani. Nawajua wote. Mmoja amenisuka nywele, mmoja amenipiga kofi nilipomwibia embe. Na mama yangu yupo katikati yao, kanga yake ndiyo iliyoroa kuliko zote.

Nikapita nikisalimia, mkubwa wangu yuko nyuma yangu. "Shikamoo, Bi." "Marahaba." "Shikamoo, Bi." "Marahaba." Nikafika kwa mama. Mama yangu mie humwamkia kwa kumbusu mkono, tangu sijajua kutamka hiyo shikamoo yenyewe. Mkono wake alikuwa keshaanza kuunyanyua.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akautumia kujifunika kanga vizuri. "Marahaba," akajibu. "Karibuni, wageni." Wanawake wawili wa pembeni wakatazamana. Mie nikapita kwa anayefuata.

Ramani ikaonyeshwa ukutani kwa mashine. Mkubwa akaeleza rangi moja moja, kwa Kiswahili chake kile kinachoteleza. Msitu wakaukubali. Mikoko wakaikubali, wakacheka kwamba imeonekana mingi kuliko ilivyo. Alipofika kwenye biskuti, mama akasimama.

Mama hajui kusema polepole. Sauti yake imezoea kumwita mtu aliye mbali kwenye mwani na upepo unavuma. Akaanza kusema kwa Kimakunduchi, kwa kasi, mkono kiunoni, maji yanamdondoka sakafuni. Hapa sitayaandika maneno yenyewe kama alivyoyasema, na mkitaka ukweli ni kwamba siwezi tena, nimeyapoteza. Alisema hivi: huo uwanda wangu mbona mmeupaka rangi ya mchanga?

Na mie niliona aibu. Nasema wazi, maana nikificha hili hakuna maana ya kuandika mengine. Mama yangu mzazi alikuwa anapigania kitu pekee alicho nacho, nami nimekaa nyuma ya kompyuta naona aibu ya sauti yake, ya nyayo zake, ya lugha yake mbele ya wenzangu wa ofisini. Nilikuwa namwomba Mungu mama akae. Simwombi ashinde, namwomba akae!

"Bi mkubwa," mkubwa wangu akamjibu kwa adabu, "si ndo uwanda wenyewe? Mahali peupe, patupu?"

Darasa likacheka mpaka madawati yakalia. "Patupu?" mama akasema, sasa kwa Kiswahili cha mjini ili afahamike. "Hebu ingia utembee humo na suruali yako hiyo. Ukitoka nayo nzima, chukua uwanda!" Kicheko kikazidi, na mkubwa naye akacheka. Lakini mama hakucheka. "Mie nimeulaza uwanda wangu. Mtu akilala huandikwa kafa? Nani kakwambieni uwanda ni mahali patupu? Mtajeni!"

Mkubwa akageuka kunitazama. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunisaidia. "Neno lenyewe katuletea huyu bibie wetu," akasema. "Naye ni mtoto wa mjini, wa Jang'ombe, pengine hakujua lina maana nyengine huku." Kisha akaona jinsi mama anavyonitazama. "Au, Bi, unamjua?"

Darasa zima likanigeukia. Na darasa zima linanijua.

Hapo ndipo pangekuwa pangu. Ilikuwa nisimame tu. Hata maneno yasingehitajika, ningekwenda nikambusu mkono wake na mambo yangekwisha. Nilimtazama mama, na uso wangu, sijui ulikuwa unasema nini, lakini yeye aliusoma.

"Simjui," mama akasema. "Wa mjini huyo. Watu wa mjini watajulia wapi uwanda?"

Hakuna aliyebisha. Aliyenisuka nywele akasema, "Kweli, wa mjini huyo," akainamia kanga yake. Yule wa kofi la embe akasema, "Hatumjui." Sheha mwenyewe, kiongozi wa kijiji, aliyesoma na marehemu baba, akawa anaitazama ramani kama vile ina kitu kipya. Walinisitiri kijiji kizima, na sitara ile ilinichoma kuliko kama wangenizomea.

Mkubwa akaomba radhi, mara mbili, hakuona taabu. Akaniambia nibadilishe pale pale, watu waone. Akawa anarudia wanavyomwambia, mie naandika: "Uwanda: ardhi ya kilimo iliyolazwa, ina wenyewe." Rangi ya biskuti ikaondoka, tukaweka kijani cha mtama mchanga, na wanawake wakapiga vigelegele. Kompyuta ilibadilisha kusini yote kwa mara moja. Uwanda wa mama ukasalimika kwa mdomo wa mama mwenyewe. Mie nilichochangia ni vidole.

Wenzangu walipokwenda kula, nikawaambia nnakwenda msalani, nikashika njia ya nyumbani. Mlangoni nikasimama, na neno lililonitoka mdomoni sijapata kulisema katika mlango ule maisha yangu yote. Nikapiga hodi.

"Karibu, mgeni," mama akaitikia ndani.

Alikuwa amekaa anajiosha miguu. Nikakaa chini mbele yake, nikashika mkono wake nikaubusu, na akaniachia nibusu. "Mama," nikasema, "mbona umenikana?"

"Nani kakukana?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Asubuhi ulinisalimia Bi. Nikasema, aa, leo mie ni Bi wake. Nikakaa hapo hapo uliponiweka." Akamwaga maji uani. "Tena ningesema mwanangu, ingekuwaje? Mtoto wa uwanda kaandika uwanda ni patupu? Wenzako wangekucheka. Wa mjini akikosea husamehewa."

Nililia, na akaniacha nilie. Kisha akaninywesha chai katika kikombe chenye kisahani, kile kinachokaa kabatini kwa ajili ya watu wa harusi na wa hitma. Nilimwambia nitakunywa katika kikombe cha bati. Akasema, "Hebu kunywa, wenzako wanakungoja."

Tulipokuwa tunarudi, tumeshaipita Jozani, nikamwambia mkubwa wangu yule Bi ni mama yangu. Akauliza, "Sasa mbona hukusema?" na mie nikatazama dirishani. Hajaniuliza tena. Siku hizi nikiulizwa kwetu wapi nataja kijiji, na watu husema "ahaa" kisha wakaendelea na mambo yao. Ndo hilo tu nililokuwa nikiliogopa miaka yote, hiyo "ahaa".

Mwaka huu mama kauamsha uwanda wake. Udongo umerudi, anasema ni mweusi mpaka unanukia. Nami tangu siku ile nakwenda kusini karibu kila Ijumaa jioni, nalala, najaribu kuzungumza Kimakunduchi na kukosea, na mama hanicheki. Siku ya kufyeka nilifika nimevaa nguo za kazi, kitambaa kichwani, tayari. Walikuwepo binti za majirani. Mama akagawa mapanga na majembe mlangoni pa ukuta, pale kwenye ile kona ya mbuzi: wewe shika hili, wewe hili, wewe mvivu chukua lenye mpini mfupi. Akafika kwangu, mikono yake mitupu.

Wamesema wahenga, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie nshazipita siku mbili, nshazipita nyingi. Mama akanitandikia mkeka kivulini, akaupangusa kwa kanga yake. "Kaa hapa, mwanangu," akasema, "jua kali."

Nikakaa. Mpaka leo jembe sijapewa.